Kipeleke Unapopajua

Mtu aliyenifundisha kuchagua kifaa cha kutembea nacho porini hakuwahi kumiliki kifaa hicho, na nikikumbuka alivyotendwa, nakasirika mpaka leo. Naanza na hasira kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Alikuwa mpima ardhi. Mjini Tanga tulimwita Mzee Mpima, na wapo waliodhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Duka letu lilikuwa Usagara. Baba aliuza redio, tochi, kufuli na kamba, yaani aliviuza vilipokuwepo. Ile miaka ya dhiki, sabuni kwa foleni na sukari kwa kibali, alipanga makopo matupu ya rangi kwenye rafu ili mteja asiingie akaona ukuta. Wengi waliacha kuja. Mzee Mpima hakuacha, na akija humuuzii kwa urahisi.

Ukimpa tochi, hakuiwasha pale barazani. Aliingia nayo stoo, akafunga mlango, akakaa humo.

"Bwana Mpima, unafanya nini huko ndani?" baba akimwuliza.

"Naiuliza."

"Tochi huulizwa?"

"Hapo nje mchana kweupe, tochi ipi isiyowaka?"

Kamba aliipima kati ya nguzo mbili za baraza, akailowesha maji, akaondoka, akarudi kesho yake kuipima tena. Baba alikuwa akisema huyu mtu hanunui, anaposa. Lakini alimwekea kamba zake pembeni, na kila alipoletewa mzigo mpya alimngoja Mzee Mpima aupitie kwanza, kwa sababu alichokikataa yeye kilirudishwa na wateja wengine mwezi uliofuata.

Alikuwa na neno lake moja ambalo nilichoka kulisikia. Kifaa chochote, alisema, kipeleke kwanza unapopajua. Ukikipeleka usipopajua kitakudanganya, nawe utakishukuru.

Hakuwa malaika. Alikuwa na mdomo mchungu, na mtu akikosea hesabu mbele yake alimtahayarisha hadharani bila kujali umri. Aliogopa mbwa kuliko nyoka. Na nyumbani kwake Makorora, yeye aliyepima nusu ya wilaya, ua wake ulikuwa umepinda kama mkia wa chatu, choo cha jirani kimeingia kwake hatua mbili, na kila Ijumaa wakirudi msikitini walikuwa wakigombana njiani. Nikamwambia siku moja, "Mzee, si upime tu mkate maneno?" Akanijibu kwamba mganga hajigangi, na kwamba akipima yeye, nani ataamini? Nilicheka. Sikujua kama alikuwa akinieleza jambo zito.

Kwa watu aliowapimia ardhi hakunywa hata maji. Alibeba chupa yake na kipande cha muhogo wa kuchemsha, na mama wa watu akija na sinia la chai alilirudisha kwa adabu kali. Dukani kwetu, lakini, alikunywa kahawa vikombe vitatu na kashata, asiseme ahsante. "Baba yako simpimii kitu," alisema. Babu yangu amezikwa Tanga na bado tunaitwa Wahindi, na kiwanja cha duka chenyewe tulikuwa tumepanga.

Sasa nije kwenye mawe.

Katika miaka hiyo hiyo ya dhiki, shamba moja kubwa la mkonge upande wa Tongoni lilikuwa limelala. Mashine zimesimama, magugu yamefunika reli, na kijiji cha kaskazini mwake hakina pa kulima. Serikali ikakata kipande cha shamba ikawapa wanakijiji, na aliyetumwa kupima alikuwa Mzee Mpima. Ofisi haikuwa na mafuta ya gari. Alikwenda kwa baiskeli, akalala kwenye shule, akapima kwa mnyororo na darubini yake wiki kadhaa, akasimika mawe kumi na mawili ya mpaka, yale tunayoyaita bikoni, kila moja na namba yake juu. Saruji ilikuwa ya kibali. Ikabaki nusu mfuko. Choo chake mwenyewe Makorora kilikuwa cha makuti, na kila mtu alimwambia achukue. Akaurudisha ofisini, akasainisha. Kesho yake ule mfuko haupo. Alitusimulia akigonga meza mpaka kahawa ikamwagika kwenye kisahani, na baba akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Miongoni mwa waliopata ardhi alikuwa Bi Zuhura, mjane aliyetuletea nazi dukani tangu sijaota ndevu. Alipanda mikorosho. Wakati huo korosho hazikuwa na bei wala mnunuzi, wakamcheka. Akasema mti haujui bei, hukua tu.

Mawe yale hayakukaa sana. Wapo watu kwetu wanaoamini kwamba Mjerumani alipokimbia alizika rupia zake ardhini, akaweka juu jiwe lenye namba ili arudi azikute. Basi wakayachimba. Nasema wakayachimba wale wale waliomsaidia Mzee Mpima kukoroga zege! Haikupita miaka kumi, mtu aliyebeba mchanga kwa kichwa chake akawa anamwapia mwenzake kwamba jiwe hili ni la Mjerumani. Mzee Mpima alikwenda mpaka kijijini kuwafokea.

"Mjerumani gani?" alipiga kelele. "Mjerumani ni mimi! Hapa mimi nilizika nini, njaa yangu?"

Wakamsikiliza kwa heshima, wakamwitikia hewala, na wiki ileile wakachimba jingine, wakijua sasa kwamba mzee anaficha jambo. Yaling'olewa kumi na moja. Likabaki moja tu, lililoangukia ukingoni mwa makaburi ya kijiji, kwa sababu hapo hata mwenye tamaa aliogopa kupiga jembe.

Kisha dunia ikafunguliwa. Milango ya biashara ikawa wazi, nasi wenye maduka tukaanza kwenda Dubai kama watu wanavyokwenda sokoni. Baba alikuwa amezeeka na duka lilikuwa mikononi mwangu. Mzee Mpima naye alikuwa amepunguzwa kazi, alipewa barua na mkono wa kwaheri, na darubini yake ikawekwa kabatini ikaota ukungu. Safari moja nikarudi na vifaa vitatu vya mkononi ambavyo Tanga hapakuwa na duka lenye navyo: jipiesi. Unasimama popote, kinasikiliza setilaiti, kinakwambia uko wapi. Nilidhani watalii wa milimani Usambara watavigombania.

Nilimwita Mzee Mpima nimwonyeshe. Aliviangalia kimoja kimoja kama daktari. Kimoja kilikuwa cha manjano, chepesi. Cha pili kilikuwa kikubwa, kinang'aa, kina kioo kipana na ramani ndani yake, na ndicho nilichojivunia. Cha tatu kilikuwa kidogo cha kijivu, kizito, sura hakina.

"Kinakula mawe mangapi?" aliuliza. Betri aliziita mawe.

"Kikubwa kinakula manne, Mzee, kwa siku moja. Cha kijivu mawili, siku mbili."

"Kikianguka?"

Kabla sijamjibu, akakiachia cha manjano kutoka kifuani mpaka kwenye saruji. Kikazimika. Nilitaka kulia.

"Hicho nacho kimejibu," akasema. "Haya, twende."

Nilijua tunakwenda wapi. Tulikwenda kwenye lile jiwe la makaburini. Njiani alinipitisha chini ya minazi na miembe makusudi, aone kipi kinapoteza setilaiti majani yakiziba. Kikubwa kilipoteza mara tatu. Juani kioo chake hakisomeki, mpaka ukifunike kwa kofia. Na ile ramani niliyojivunia, tulipoifungua, Ulaya ilikuwa na barabara zake zote, Afrika ilikuwa nyeupe. Tanga haikuwamo. Nilichukia. Nimesafiri kote huko nikaleta kitu kisichojua kwetu, na nilitarajia kuwauzia watu wa kwetu.

Pale jiweni tulikaa asubuhi nzima. Namba za vifaa hazikutulia, zilitangatanga, naye akawa anaziandika kila baada ya dakika tano.

"Ni mbuzi aliyefungwa kamba," akanieleza. "Anazunguka, lakini kigingi kiko katikati. Wewe tafuta kigingi."

Akakitafuta. Vyote viwili, kikubwa na cha kijivu, vilikuwa na kigingi mahali pamoja, na mahali penyewe hapakuwa pale tulipokaa. Kwa mujibu wa namba zao, ukizilinganisha na namba za jiwe ambazo yeye alizijua kwa kichwa, ungetaka kulifikia jiwe lile ungetembea kaskazini zaidi ya hatua mia tatu, ukaingie katikati ya mikorosho ya Bi Zuhura. Nikamwambia labda jiwe ndilo lenye makosa. Akaniomba kijitabu cha maelezo kilichokuja na vifaa.

Akanifafanulia pale pale, kwa kijiti mchangani. Ramani zetu zilichorwa zamani, na waliozichora walianza kuhesabu dunia kutoka mahali fulani. Vifaa hivi vipya vinaanza kuhesabu kutoka mahali pengine. Namba ni zile zile, mwanzo siyo mmoja. Lakini ndani ya kifaa mna orodha ya ramani za zamani, na ya kwetu imo. Ukiichagua, mambo yamekwisha. Akaichagua kwenye cha kijivu, tukangoja. Kigingi kikaja mpaka kwenye miguu yetu. Akafanya hivyo kwenye kile kikubwa, nacho kikaja. Nikashangilia. Akaninyamazisha, akatoa betri zote, akazirudisha. Cha kijivu kilikumbuka. Kikubwa kilikuwa kimerudi kule kule kwenye mikorosho, bila kutoa hata onyo.

"Kikibadilishwa mawe kinasahau," akasema. "Hiki si kifaa, ni mlevi. Uza hiki cha kijivu. Na huyu mlevi ukimwuza, basi mwenye kununua aambiwe."

Aliandika maelezo kwa mkono wake, mistari mitano kwa hati nzuri ya kalamu ya wino, nikaiweka karatasi ndani ya boksi la kile kikubwa mbele ya macho yake.

Niliitoa. Haya, nimesema. Shamba la mkonge liliuzwa kwa kampuni, meneja akaja dukani na gari jipya akitaka kifaa cha kutafutia mipaka, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kile kinachong'aa. Nikamwonyesha cha kijivu, akacheka. Alipokuwa akiwasha na kuzima taa za kile kikubwa, mimi niliingiza vidole ndani ya boksi nikaichomoa ile karatasi, nikaitia mfukoni. Niliona mteja akiisoma atadhani namwuzia kibovu. Nikajiambia nitamweleza kwa mdomo. Akaniuliza kuhusu betri, nikamweleza kuhusu betri, akaondoka.

Mwezi uliofuata walikwenda kutafuta mpaka. Walikuwa na ramani ya Mzee Mpima mwenyewe, namba zake mwenyewe, wakaziingiza kwenye kifaa nacho kikawapeleka kaskazini. Wakafunga waya wakiupitisha katikati ya mashamba ya watu. Miti ya Bi Zuhura ilikuwa ndiyo kwanza imeshiba na korosho zimepata wanunuzi. Aliyechekwa miaka yote, mwaka aliotaka kucheka yeye wakamkatia mikorosho arobaini ili wapande mkonge. Hata makaburi yalibaki ndani ya waya. Meneja alitangaza kwamba kampuni ina utu, makaburi haitayagusa. Utu!

Ukaitwa mkutano chini ya paa la shule. Alikuja ofisa kutoka mjini, meneja na kifaa chake mezani, wanakijiji, na Mzee Mpima ambaye hakualikwa. Nami niliitwa kama muuzaji. Mzee Mpima alisimama akasema liko jiwe moja halijang'olewa, wakipeleke kifaa pale, dakika kumi tu, kila kitu kitajulikana.

"Jiwe hilo tumeliona," meneja akajibu. "Haliko kwenye namba yake. Lilihamishwa."

"Mawe hayana miguu! Nililisimika mimi."

"Mzee, hiki kinazungumza na setilaiti. Wewe ulizungumza na nani?"

Watu walicheka. Nakumbuka waliocheka, na wengine wao walikuwa wa kijijini hapo hapo, wenye ardhi upande wa pili ambako waya haukufika. Mzee Mpima aliomba akishike kifaa abadilishe ramani. Akaambiwa ni mali ya kampuni, naye si mtumishi tena. Akanielekezea macho.

"Muulizeni huyu. Tulikwenda pamoja. Aliona kwa macho yake."

Ofisa akanigeukia. Akaniuliza kama kifaa nilichouza kina kasoro. Nikasema hakina kasoro, na ndivyo ilivyokuwa, kwani kilitengenezwa hivyo, ndiyo maana nilisema haraka. Akaniuliza kama ni kweli tulikwenda kwenye jiwe na namba zikatofautiana. Bi Zuhura alikuwa amekaa mstari wa mbele, kanga kaishika kwa meno. Meneja alikuwa ameniagiza redio za walinzi wa shamba zima. Nilifikiri pia kwamba Mhindi akisimama kwenye ugomvi wa ardhi, kesho ataulizwa yake iko wapi. Sababu hizo nimezipanga baadaye. Wakati ule niliogopa tu.

"Tulikwenda," nikasema, "lakini mimi ni muuzaji. Namba hizo sijui kuzisoma."

Mzee Mpima alichukua kofia yake akakaa. Mkutano haukuchukua muda baada ya hapo.

Nilingoja aje dukani anitukane, na ningeshukuru. Alikuja kama kawaida. Alimwamkia baba, akanywa kahawa yake vikombe vitatu, nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba. Siku moja akataka tochi. Nikamfungulia mlango wa stoo. Hakuingia. Aliipokea tochi, akaitia kwenye mfuko wa koti bila kuiwasha, akaondoka nayo kama mteja yeyote. Miaka yote iliyofuata hakupima tena kitu alichonunua kwangu. Wateja wengine waliona mzee sasa amekuwa mwepesi. Mimi nilikuwa nikishindwa kula mchana.

Kile cha kijivu sikukiuza. Waliokitaka niliwaambia kina mwenyewe. Kilikaa kwenye gari langu na betri zake nikizibadilisha, na ile karatasi nimeikunja ndani ya kava lake.

Bi Zuhura alifariki mwaka wa mvua nyingi, akiwa anaishi kwa binti yake kwenye chumba kimoja. Nilikwenda kuzika. Mchana ule tulisimama kwenye geti la shamba na jeneza mabegani, askari akipiga simu ya upepo kuomba ruhusa, kwa redio niliyomwuzia meneja mimi. Maiti ya mwenye ardhi inangoja ruhusa! Nilitamani kumnyang'anya ile redio nikaipasue. Tuliruhusiwa, tukaambiwa tusikawie.

Mzee Mpima alikuwepo. Macho yalikuwa yameingia ukungu na alishika bakora. Alirusha udongo wake kwa mkono mara tatu kama wengine, akasubiri telkini iishe, na watu walipoanza kutawanyika akaita kwa sauti ile ile ya kufokea watoto wa shule.

"Yuko wapi mtoto wa Usagara?"

"Nipo, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kile cha kijivu kiko wapi?"

Sikumwuliza alijuaje kwamba ninacho. Nilikwenda kukichukua garini. Watu wakawa wamesimama, wana wa marehemu wakiwa mbele. Mzee Mpima alipapasa kwa bakora kando ya makaburi, akapita kaburi moja baada ya jingine bila kukanyaga hata moja, mpaka bakora ikagonga jiwe. Akaniambia nisimame juu yake na kifaa, tukangoja. Namba siku hizo hazikuwa zikitangatanga kama zamani, zilitulia.

"Soma," akasema.

Nikasoma za mashariki, tarakimu moja moja. Alikuwa akinifuata kwa midomo, akitangulia kidogo. Nikasoma za kaskazini. Ya mwisho tuliitamka pamoja, mimi kutoka kwenye kioo na yeye kutoka kichwani, na ilikuwa ni ile ile. Mkubwa wa wana wa Bi Zuhura alitazama jiwe, akatazama waya kule mbali ilikokuwa mikorosho, akanitazama mimi.

Mzee Mpima alikuwa ameshanipa mgongo, akitafuta njia ya getini kwa bakora yake.

"Kumbe kusoma unajua," akasema.